Timu Inauzwa Lini? Maneno Yangu kwa Mashabiki Tuliochoka Kusubiri

(Haya ndio niliyozungumza kwenye mkutano wetu wa mashabiki, nayaweka yote kwa ajili ya wale ambao hamkuweza kufika. Picha za kwenye skrini nimeziacha, mtaelewa tu bila hizo.)

Ndugu zangu, habari za mchana. Wazee wangu mliokaa hapo mbele shikamooni. Dada zangu, wadogo zangu, na nyie mlioingia na jezi za wapinzani karibuni sana, leo hatugombani, leo wote tunauguza kidonda kimoja.

Naomba niulize. Nani hapa hajawahi kulala na simu mkononi anasubiri kusikia timu yake imeuzwa? Nyoosha mkono. Mnaona, hakuna. Kwenye kundi letu kuna kijana kila Ijumaa alikuwa anaandika "wiki hii haiishi, dili linatoka", na Jumatatu tunaamka hamna kitu, na Ijumaa nyingine anaandika tena, na sisi tunamuamini tena. Mimi simlaumu hata kidogo, kwasababu alikuwa anasema kile ambacho wote tulikuwa tunakiomba kimoyomoyo.

Sasa mimi leo sijaja kuwapa tetesi. Nimekuja na jambo moja. Timu ikichelewa kuuzwa, kuna mtu anafaidika na huo muda, na kuna mtu anaulipia. Anayefaidika mara nyingi ni mwenye timu. Anayelipa ni wewe. Kila mara ni wewe.

Tuanze na Manchester United, timu yangu mimi mnajua. Tarehe 22 Novemba 2022, siku ileile walipoachana na Ronaldo, familia ya Glazer, wenye timu, wakatoa taarifa. Nyie mlisoma nini? Mlisoma wanauza. Mimi pia nilisoma wanauza, tukashangilia, watu wakapigiana simu usiku. Lakini ile taarifa ukiirudia leo kwa utulivu ilisema wanaangalia njia mbalimbali, inaweza kuwa uwekezaji mpya, inaweza kuwa kuuza, inaweza kuwa mengine. Yaani walifungua mlango ambao wanaweza kuufunga muda wowote na hakuna atakayesema wamevunja ahadi, maana ahadi haikuwepo. Hapo ndipo tulipigwa jamani, siku ya kwanza kabisa.

Alafu ikaja Januari 2023, dirisha la usajili. Timu iko kwenye mbio, kocha anataka straika, tukamleta Weghorst kwa mkopo. Butland kwa mkopo. Siku ya mwisho Sabitzer kwa mkopo. Wote mkopo! Timu yenye jina kubwa kama ile dirisha zima inaazima wachezaji. Sina neno baya na hao vijana, walijituma, Weghorst alikuwa anakimbia mpaka unamuonea huruma. Nasema hivi, timu ambayo haijulikani kesho itakuwa ya nani haiwezi kupanga miaka mitatu mbele, inaishi kwa kuokoteza.

Februari ikaja tarehe ya mwisho ya ofa. Sheikh Jassim wa Qatar anataka timu yote asilimia 100, Jim Ratcliffe naye akaja na kampuni yake ya Ineos. Tukadhani sasa. Ikaja duru nyingine. Ikaja nyingine tena. Juni Sheikh akaweka ofa yake ya tano. Msimu ukaisha, dirisha la kiangazi likafunguliwa likafungwa. Septemba zikatoka habari kwamba timu inaondolewa sokoni, na hisa zake kwenye soko la hisa la New York zikaporomoka kwa karibu asilimia 18 kwa siku moja. Oktoba Sheikh akachoka akajitoa. Mkesha wa Krismasi 2023 ndio tukaambiwa Ratcliffe anachukua asilimia 25, na dili lenyewe likafungwa tarehe 20 Februari 2024, kwa dola 33 kila hisa, na kufikia hapo akawa na asilimia 27.7.

Miezi kumi na tano. Miezi kumi na tano jamani, na wale wale tuliotaka waondoke bado ndio wenye kura nyingi.

Kwanini? Tuulizane vizuri, kwanini? Mwenye nyumba ambaye hana shida ya hela akibandika tangazo "nyumba inauzwa", dalali akaleta wateja wawili wanaoshindana, unadhani ana haraka gani? Atawanywesha chai, atawaambia njooni wiki ijayo, na kila wakirudi bei imepanda. Glazer ndio walikuwa hivyo. Walinunua timu mwaka 2005 kwa kama pauni milioni 790, sehemu kubwa hela ya kukopa, na deni wakalitwisha klabu yenyewe. Hakuna benki iliyokuwa inawagongea mlango. Na zile hisa za New York zisikudanganye, hisa yao moja ina kura kumi, ya mtu wa kawaida aliyenunua sokoni ina kura moja. Kwahiyo hata ukinunua hisa leo ukaenda kwenye mkutano wao, wewe ni mgeni mwalikwa tu.

Kuna watu huwa wananiambia, kaka, klabu kubwa kama hizo lazima zichukue muda, ni mabilioni, ni wanasheria, ni mahesabu. Sawa. Nawajibu kwa neno moja. Chelsea.

Tarehe 2 Machi 2022 Abramovich, mwenye timu, akatangaza anauza. Tarehe 10 serikali ya Uingereza ikamwekea vikwazo. Klabu ikaambiwa ruksa kucheza lakini hamna kuuza tiketi mpya, duka la jezi limefungwa, hamna kusaini mkataba mpya na mchezaji yeyote, na hicho kibali cha kucheza kinaisha tarehe 31 Mei. Haya niambieni, dili lilifungwa lini? Tarehe 30 Mei! Siku moja kabla ya kibali kuisha. Pauni bilioni 2.5 pamoja na ahadi ya kuwekeza bilioni 1.75 nyingine, wanunuzi kibao walikuwepo, wanasheria walikuwepo, mahesabu yalikuwepo, na yote yakawezekana ndani ya miezi mitatu.

Na sikilizeni hii. Benki iliyosimamia mauzo ya Chelsea inaitwa Raine. Benki iliyosimamia mauzo ya United inaitwa nani? Raine hiyohiyo! Dalali ni yuleyule. Tofauti yake ni nini basi? Tofauti ni kwamba Chelsea kulikuwa na tarehe, na aliyeiweka hakuwa muuzaji. Kule Old Trafford, nyumbani kwa United, tarehe aliiweka muuzaji mwenyewe, na akiona bado kuna cha kuvuta anaisogeza.

Na hata hivyo miezi mitatu tu iliwagharimu wenzetu wa Chelsea. Rüdiger na Christensen mikataba yao ilikuwa inaisha na klabu hairuhusiwi kuongea nao mkataba mpya, mmoja akaenda Real Madrid mwingine Barcelona, bure kabisa, mabeki wawili wa timu iliyotoka kuchukua ubingwa wa Ulaya mwaka mmoja nyuma. Hiyo ni miezi mitatu. Sasa jipigieni wenyewe miezi kumi na tano inakula nini.

Sasa hapa nataka niwe mkweli kwenu, maana ningeweza kuishia hapo mkapiga makofi tukaenda nyumbani. Kuna kuchelewa kwa aina mbili. Kuna kuchelewa kwa mtu anayevuta bei, na kuna kuchelewa kwa mtu anayechunguza. Ukizichanganya hizo mbili utajikuta unapiga kelele kuomba timu yako ikabidhiwe kwa mtu ambaye ataizika.

Everton. Septemba 2023 mmiliki wao Moshiri akakubaliana na kampuni ya Kimarekani inaitwa 777 Partners, wachukue zaidi ya asilimia 94. Mashabiki wa Everton walikuwa hoi, na walikuwa na haki. Novemba hiyohiyo wakanyang'anywa pointi 10, baada ya rufaa zikawa 6, alafu Aprili wakakatwa 2 nyingine, timu inapigania isishuke, uwanja mpya unajengwa kule bandarini hela inaisha, na 777 wanaendelea kuikopesha klabu huku bado hawajaruhusiwa kuinunua. Ligi nayo haisemi ndio haisemi hapana. Unalala unaamka, hamna kitu. Ningekuwa mimi ningesema wapeni basi tumalize!

Kumbe nini? Mwishoni mwa Aprili 2024 shirika la ndege la 777 kule Australia, Bonza, likasimama, abiria wameachwa viwanjani. Mei wakafunguliwa kesi New York ya madai ya udanganyifu. Tarehe 1 Juni dili la Everton likafa. Na klabu nyingine walizokuwa wameshaziweka mkononi, Standard Liège kule Ubelgiji, Vasco da Gama kule Brazil, zikabaki zinahangaika. Everton walisalimika kwasababu kuna watu walikataa kugonga muhuri. Wakaja wanunuzi wengine, Friedkin, nao Julai wakajitoa, Septemba wakarudi, na tarehe 19 Desemba 2024 ikaisha. Kwahiyo ule muda uliowaumiza mashabiki wa Everton kuna sehemu yake uliwaokoa. Yote mawili ni kweli na lazima tuyabebe yote mawili.

Lakini, na hapa ndipo mimi hasira yangu ilipo, mbona hakuna aliyewaambia? Hivi kweli mtu mzima anashindwa kusimama akasema "tumeomba uthibitisho wa hela, hatujaupata, tukiupata tutawaambia"? Sentensi moja! Sio siri ya biashara hiyo. Newcastle ilikuwa vilevile. Aprili 2020 dili la Saudia kuinunua limefika mezani, ligi inatakiwa ijibu swali kwamba je serikali ya Saudia ndio itakuwa inaiongoza klabu au sio yenyewe, na ni swali la maana kabisa, pamoja na maswali ya haki za binadamu ambayo watu waliuliza na bado wanauliza. Basi lijibuni! Wiki kumi na saba kimya, tarehe 30 Julai wanunuzi wakajitoa. Watu waliokuwa na mmiliki Mike Ashley tangu 2007, wameshuka daraja 2009, wamepanda, wameshuka tena 2016, klabu imetangazwa sokoni mwaka 2008, ikatangazwa tena 2009, ikatangazwa tena 2017, hao watu wakaachwa gizani tena mpaka tarehe 7 Oktoba 2021. Ukishaangalia picha za ile siku pale nje ya uwanja wao St James' Park, watu wazima wanalia, utaelewa kwamba wengi walikuwa wanalia kwasababu kusubiri kumeisha, habari za utajiri zilikuja baadaye.

Wazee wangu naomba mniruhusu niongee kidogo kuhusu Bury, najua wengi wa vijana hapa hamuijui.

Bury ni timu ya Uingereza ya mwaka 1885. Wamechukua kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, na ile fainali ya 1903 waliipiga timu ya Derby County sita bila. Desemba 2018 timu hiyo ikauzwa kwa pauni moja. Sio milioni moja, pauni moja, kwa mtu anaitwa Steve Dale. Mishahara ikaanza kusuasua, na pamoja na hayo wachezaji wakapambana wakaipandisha daraja msimu huohuo. Kiangazi madeni yakabana, ligi inataka uthibitisho wa hela, mechi za mwanzo wa msimu zinaahirishwa moja baada ya nyingine, na timu iko sokoni tena. Mnunuzi yupo, hayupo, yupo. Ligi ikaweka tarehe ya mwisho, ikaisogeza mpaka Jumanne tarehe 27 Agosti 2019, saa kumi na moja jioni.

Siku hiyo nataka muione. Asubuhi mashabiki kwa mamia wamekwenda uwanjani kwao Gigg Lane na mafagio na ndoo, wameitikia wito wa kujitolea, wanafuta viti, wanasafisha vyoo, wanaandaa uwanja kwa ajili ya mechi inayofuata kwasababu wameambiwa mnunuzi amepatikana. Siku zilezile mama mmoja aliyewahi kuwa mkurugenzi wa klabu alijifunga kwenye bomba la ukutani pale uwanjani kupinga yanayotokea. Watu wanafagia. Mchana habari ikaja kwamba mnunuzi ameangalia mahesabu akaondoka. Usiku Bury ikafukuzwa kwenye ligi, miaka 125 tangu waingie 1894.

Wale watu na mafagio yao, ni nani aliwauliza chochote kwa miezi ile yote? Aliyeuza aliuza akaenda zake. Aliyenunua hakuwa hata anaijua timu vizuri. Mnunuzi wa mwisho aliangalia hesabu akasema sio kwangu, ana haki yake. Wote walikuwa na mlango wa kutokea. Shabiki peke yake ndio hana mlango, huwezi kuamka kesho ukasema nimeuza mapenzi yangu nimehamia kwingine, wanaofanya hivyo wapo lakini sio sisi.

Nimesema nitakuwa mkweli, kwahiyo niseme na hili, baada ya Bury kuna vitu vimesogea. Ile vurugu ya Super League Aprili 2021, klabu kubwa zilipotaka kuanzisha ligi yao wenyewe, ikaongeza moto, mashabiki wakahojiwa rasmi, ripoti ikaandikwa, na Julai 2025 Uingereza ikapata sheria yenye msimamizi huru wa mpira, mwenye kazi ya kutoa leseni kwa klabu na kuwapima wanaotaka kuzimiliki. Sheria hiyo haimlazimishi mtu auze timu kwa haraka ili tufurahi, tusidanganyane. Ila sasa kuna ofisi nje ya ligi yenyewe ambayo unaweza kuiuliza huyu anayekuja ni nani na hela yake inatoka wapi. Hiyo haikushuka mbinguni. Ilidaiwa.

Na Portsmouth msiwasahau. Timu iliyochukua FA 2008 ikaanguka mpaka daraja la nne, wamiliki wanapokezana kama kijiti, mpaka 2013 mashabiki wenyewe, zaidi ya 2,000, wengi wao walitoa pauni 1,000 kila mmoja, wakainunua. Wakalipa madeni ya nyuma. 2017 alipokuja tajiri wa Kimarekani, Eisner, mashabiki waliulizwa, wakaelezwa mpango, wakapiga kura, wakamuuzia. Yale mauzo yalikuwa na maneno mengi, mikutano mingi, watu walibishana kweli kweli. Lakini hakuna aliyeachwa gizani, kwasababu wauzaji ndio walikuwa mashabiki.

Kuna mdogo wangu wa kike kaniletea kikaratasi hapa, naomba nikisome. Anauliza, "Kaka, wale wa Reading walirusha mipira ya tenisi uwanjani, wakaingia mpaka mechi ikavunjika, sisi tulio mbali tunaangalia kwenye TV tunaweza kufanya nini?"

Swali zuri sana dada. Kwanza Reading, kwa wasiojua, walipambana na mmiliki wao Dai Yongge kwa zaidi ya mwaka na nusu, mechi na Port Vale Januari 2024 ikavunjika kweli, na timu ikauzwa Mei 2025. Sitasema mipira ya tenisi ndio iliuza timu. Ila walihakikisha hakuna wiki inapita habari yao haijaongelewa, na hilo mnunuzi analiona na muuzaji analiona.

Sisi tulio mbali tuna kitu kimoja ambacho huwa tunakidharau. Timu hizi zikiuzwa, kwenye yale makaratasi wanayopewa wanunuzi tumo humo. Mashabiki duniani kote, watazamaji wa TV, wafuasi wa mitandaoni, jezi. Bei ile kubwa imejengwa na sisi. Wakati wa kuuza wanatuhesabu vizuri sana, kichwa kwa kichwa, wakati wa kutupa taarifa sisi ni watu wa mbali. Kwanini? Mei 2021 mashabiki wa United walipoingia Old Trafford na mechi ya Liverpool ikaahirishwa, kilichowashtua wenye timu ni kwamba dunia nzima ilikuwa imewasha TV na hamna mechi. Sisi ndio tulikuwa tumewasha hizo TV. Siwaambii mvunje kitu, wala msimtukane mchezaji, mchezaji hajaweka timu sokoni. Na tafadhali acheni kusambaza tetesi za mtu asiye na jina, kila tetesi unayoituma inampandishia muuzaji bei na wewe unabaki na presha.

Kwahiyo tumekubaliana hivi na kamati. Kila tawi litaiandikia klabu yake barua, kwa heshima, kwa majina yetu kamili. Maswali ni matatu tu, yasizidi. La kwanza, timu inauzwa au haiuzwi, mseme moja. La pili, kama inauzwa, mwisho wa kupokea ofa ni lini na nani anaruhusiwa kuisogeza hiyo tarehe. La tatu, wakati tunasubiri, nani ana ruhusa ya kusaini usajili na mikataba ya wachezaji. Barua za United nitaziandika mimi na mzee wetu mwenyekiti, za Everton na Newcastle wenyewe mko hapa mmeshachaguana.

Karatasi ya majina iko kwa katibu pale mlangoni, mtu asitoke bila kusaini. Majibu yakija yatasomwa kikao kijacho, na yasipokuja tutasoma tarehe tuliyotuma na tutatuma tena. Asanteni sana kwa kunisikiliza.